Unanunua gitaa la umeme na kesho una kazi? Mwongozo kamili wa kuchagua litakalopigwa kweli

Naanza na swali moja ambalo nataka ulibebe toka hapa mpaka mwisho. Saa tatu usiku, umetoka kazini, umeshakula, mwili umechoka na kesho unaamka alfajiri, je hilo gitaa utalishika? Kama utalishika hata kwa dakika kumi na tano basi umenunua vizuri, na kama litabaki kwenye begi mpaka jumamosi ambayo nayo itakuja na shughuli zake basi umekosea hata kama ni gitaa ambalo kila mtu analisifia.

Nasema hivi kwa sababu miongozo mingi ya kununua gitaa imeandikwa kama vile msomaji anaingia studio kesho. Mwanamuziki wa kazi anaweza kuvumilia gitaa zito, ampu (lile boksi la spika linalokuza sauti) ya kubebwa na watu wawili, briji (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye bodi) inayotaka nusu saa kubadilisha nyuzi, maana hiyo ndo kazi yake na ana muda. Wewe hela unaweza kuipata polepole, ila muda na nguvu za jioni hazinunuliki, kwa hiyo kila kitu nitakachosema hapa chini nimekipima kwa kipimo hicho.

Hatua ya kwanza: andika unachotaka kupiga, na utakapopigia

Usianze na rangi. Chukua simu yako uandike nyimbo kumi unazotamani kuzipiga, sio unazoziheshimu bali unazotamani kwa dhati, alafu sikiliza magitaa yake kwa makini. Je sauti ni safi na kali kama kengele, yale magitaa ya dansi yanayojibizana solo na rithimu? Au ni nene na imeunguzwa, ile ya roki na metali? Au ni laini na ya mviringo kama jazi? Hiyo orodha itakuamulia mambo mengi kuliko mwuzaji yeyote.

Alafu andika pa kupigia. Chumbani kuna mtoto amelala? Ukuta mmoja na jirani? Una kona ambayo gitaa linaweza kusimama kwenye stendi yake muda wote bila kuondolewa? Hili la stendi naomba ulichukulie serious. Gitaa likiwa nje linashikwa, likiwa kwenye begi juu ya kabati linasahaulika, nimeliona kwangu na kwa karibu kila rafiki yangu anayepiga.

Hatua ya pili: gawa hela kabla hujaingia dukani

Kosa kubwa kabisa ni kumaliza hela yote kwenye gitaa alafu unaunganisha kwenye spika yoyote iliyopo nyumbani. Gitaa la umeme lenyewe ni nusu ya ala, nusu nyingine ni kile kinacholipa sauti. Mimi nashauri hivi: zaidi kidogo ya nusu ya hela iende kwenye gitaa, kama theluthi iende kwenye ampu au kitu cha kuchakata sauti, na kinachobaki ni cha setapu kwa fundi (yaani kurekebisha shingo, nyuzi na briji zikae sawa), waya, mkanda, stendi, tyuna ya kupimia sauti ya nyuzi, pakiti mbili za nyuzi na piki za kupigia nyuzi za unene tofauti. Hicho kifungu cha mwisho watu wanakidharau ila ndo kinachoamua kama wiki ya kwanza itakuwa tamu au chungu.

Na kama hela haitoshi, subiri mshahara mwingine au mingine miwili. Usikope kwa ajili ya burudani, maana gitaa lenye deni ukilitazama unakumbuka deni, na hobi ikishaanza kukukumbusha mzigo haina raha tena.

Kuhusu daraja: kampuni kubwa zina majina yao ya bei nafuu, Fender wana Squier, Gibson wana Epiphone, na kuna wengine kama Yamaha na Ibanez wanaotengeneza magitaa ya kuanzia ya uhakika kabisa. Mashine za kisasa za kukata mbao zimefanya gitaa la bei ya chini la sa hivi kuwa zima kuliko yale ya miaka ya nyuma. Tofauti ya bei unaiona zaidi kwenye ukamilishaji, yaani freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) zilivyopigwa msasa, vifaa vya umeme, vikazio vya nyuzi na nati (kile kipande chenye mifereji kinachoshika nyuzi karibu na kichwa), sio kwamba la bei ya chini halitoi muziki. Ushauri wangu: kwepa lile la chini kabisa linalouzwa boksi moja na kila kitu ndani, panda ngazi moja au mbili juu yake, alafu simama hapo. Ukivuka daraja la kati, kila unachoongeza kinakupa kidogo sana mkononi.

Hatua ya tatu: umbo, uzito na vipimo vya shingo

Hapa wengi wanapitia haraka, mimi naomba tukae kidogo, kwa sababu mwili wako umeshafanya kazi kutwa nzima.

Maumbo makuu hayajabadilika sana. Telecaster ya Fender ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950 (mwanzo iliitwa Broadcaster, jina la Telecaster likaja 1951), Les Paul ya Gibson ikaja 1952, Stratocaster 1954, na SG 1961. Karibu kila gitaa unaloliona dukani ni mtoto au mjukuu wa hayo.

Les Paul nyingi zina kilo 4 au zaidi kidogo, Stratocaster mara nyingi inazunguka kwenye kilo tatu na nusu. Unaweza kuona ni tofauti ndogo, ila kama umekaa kwenye kiti cha ofisi masaa nane na mgongo tayari unalalamika, hiyo nusu kilo utaisikia begani. Stratocaster imechongwa nyuma na pale mkono unapolala kwa hiyo haikuchomi mbavuni, Telecaster ya kawaida ina kingo kali zaidi, na SG ni nyepesi ila kichwa chake huelekea kuinama chini ukiiachia, unakuta mkono wa kushoto unabeba shingo badala ya kupiga. Ukifika dukani vaa mkanda, simama, achia mikono yote miwili uone gitaa linakwenda wapi.

Kipimo kingine ni urefu wa uzi unaotetemeka, kutoka kwenye nati mpaka briji. Fender wengi ni inchi 25.5, yaani milimita kama 648, Gibson wengi ni inchi 24.75, kama milimita 628, na PRS, kampuni nyingine ya magitaa, wengi wako katikati kwenye inchi 25. Uzi mfupi maana yake unalegea zaidi kwenye noti ileile, vidole havisumbuki sana na freti zimekaribiana, uzi mrefu unakaza zaidi na sauti inakuwa na ukali fulani unaoeleweka vizuri kwenye rithimu. Kama vidole vyako ni vifupi au una historia ya maumivu ya kifundo cha mkono kwa sababu ya kuchapa kompyuta siku nzima, jaribu hilo fupi kwanza.

Upana wa nati ni milimita 42 au 43 kwa magitaa mengi, inaonekana kama si kitu ila vidole vinene vinajua tofauti. Alafu kuna mviringo wa ubao wa vidole, ule wa shingo unaobonyezea nyuzi, na namba ikiwa ndogo ubao umejipinda zaidi. Magitaa ya kizamani ya Fender yana mviringo mkubwa wa inchi 7.25, raha kwa kordi, ila ukivuta uzi kwenda juu na nyuzi ziko chini sana noti inakatika. Ya kisasa ni 9.5, Gibson ni 12, na mengine ya kupiga kasi ni 16 ambayo ni karibu bapa. Kwa mtu anayepiga kila kitu kidogo kidogo, 9.5 mpaka 12 haitakukwaza. Na kama unatumia mkono wa kushoto, tafuta gitaa la kushoto lililotengenezwa hivyo, usikubali maneno ya utazoea tu.

Hatua ya nne: pikapu, briji na mbao

Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unazalisha umeme mdogo na huo ndo unakwenda kwenye ampu. Ya koili moja inatoa sauti safi, ya wazi, yenye kung'aa, ila inaokota mvumo wa umeme wa nyumba, ule mmmm wa 50 Hz au 60 Hz kulingana na nchi. Seth Lover, fundi wa Gibson, mwaka 1955 alikuja na dawa: koili mbili zilizozungushwa kinyume na sumaku zilizogeuzwa, mvumo unajifuta wenyewe na sauti ya uzi inabaki, tena nene zaidi. Hiyo ndo hambaka.

Kwa mtu wa ofisini hili lina upande wake wa vitendo. Meza yako ina kompyuta, chaja, labda taa ya kupunguza mwanga, vyote hivyo vinapiga kelele kwenye koili moja, na ukiongeza mkwaruzo wa roki kelele inakua. Ukizungusha kiti mvumo unapungua, hilo litakusaidia. Lakini kama hujui bado utapenda nini, mpangilio wa hambaka moja karibu na briji na pikapu mbili za koili moja kwenye nafasi zilizobaki unakupa karibu kila kitu, na huo ndo naupendekeza kwa gitaa la kwanza bila kusitasita. Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 ni nzuri kwa metali, ila kumbuka kuchomoa waya ukimaliza maana waya ukibaki ndani betri inaendelea kuliwa usiku kucha.

Briji: nunua iliyotulia, basi. Iwe ngumu kabisa kama ya Telecaster au Les Paul, au ile ya Stratocaster yenye mkono wa kuyumbisha sauti ambayo fundi ameibana mpaka ikagusa bodi. Ile ya Floyd Rose inayoelea na kufunga nyuzi ni uhandisi mzuri mno, haitoki tyuni hata ukiizungusha vipi, ila uzi mmoja ukikatika gitaa zima linapoteza tyuni, kubadilisha nyuzi kunataka ufunguo wa pembe sita na subira, na ukitaka kushusha uzi mmoja kwa ajili ya wimbo mmoja ni kazi ya jioni nzima. Jioni zako ni chache. Ukishakuwa na gitaa la pili utalifikiria hilo.

Mbao sitazikalia. Kwenye gitaa la umeme pikapu, ampu na mikono yako vinasikika zaidi. Utaona magitaa ya miaka ya karibuni yana ubao wa vidole wa laureli au pau fero badala ya rozudi, sehemu ya sababu ni kwamba mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliweka rozudi zote chini ya vibali vya biashara ya kimataifa, na ingawa mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zililegezewa kwa aina nyingi, viwanda vingine havikurudi nyuma. Sio dalili ya gitaa bovu.

Hatua ya tano: ampu ya mtu anayepiga usiku

Nimeona watu wakinunua ampu ya wati 100 kwa chumba cha kulala na sitaki uwe mmoja wao. Sikio halisikii wati kwa mstari ulionyooka: ukiongeza mara mbili, kutoka 50 kwenda 100, unapata desibeli 3 tu, na ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili unahitaji kama mara kumi ya nguvu. Maana yake ampu ya wati 10 ina karibu nusu ya ukubwa wa sauti ya ile ya 100, na nusu ya radi bado ni radi. Ampu za valvu, zile za kizamani zenye taa za kioo ndani, nazo utamu wake unakuja ukizifungulia, kitu ambacho saa tatu usiku hukifanyi.

Kwa hiyo njia ziko tatu. Ya kwanza ni ampu ndogo ya kidijitali inayoiga ampu nyingi, ya wati 10 mpaka 20 hivi, yenye tundu la hedifoni na sehemu ya kuingiza muziki wa simu ili upige juu yake. Hii ndo chaguo langu kwa watu wengi. Ya pili ni kale kadude kanachochomekwa moja kwa moja kwenye jeki ya gitaa, unavaa hedifoni na unaanza kupiga ndani ya sekunde tano, hakana sauti tajiri kama ampu ila hakuna kinachokizuia kitu hicho kutumika, na ndo sababu nakiheshimu. Ya tatu ni kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta pamoja na programu ya ampu, sauti zake ni nzuri kupita kiasi na unaweza kurekodi, ila fikiria vizuri: umetoka kwenye kompyuta kutwa, unataka kuwasha kompyuta tena, usubiri masasisho, utafute mlio, saa imeisha na hujapiga noti moja. Ukichagua hii hakikisha kifaa kina tundu maalum la ala, maana gitaa linataka ukinzani mkubwa wa kama megaomu moja, ukichomeka kwenye tundu la kawaida sauti inafifia na kupoteza ung'avu.

Jambo moja nalisisitiza kwa herufi kubwa moyoni: HEDIFONI ZA WAYA. Zile za bluututhi za kawaida zinachelewesha sauti, unagonga uzi na unausikia baadaye kidogo, mkono na sikio vinagombana na utadhani huna rithimu kumbe ni hedifoni. Mdau mmoja wa karibu yangu alikaribia kuacha gitaa kabisa kwa sababu hii tu.

Pedali, vile vidude vya kukanyaga vya kubadilisha sauti, usinunue bado. Kabisa. Ampu ya kidijitali inazo ndani za kukutosha mwaka mzima.

Hatua ya sita: dukani, na hapa tulia

Usiende jumamosi mchana. Omba ruhusa uende asubuhi ya siku ya kazi au uwahi jioni moja, duka likiwa tupu, utasikia gitaa na mwuzaji atakuwa na muda na wewe. Beba hedifoni zako, piki yako, simu yenye programu ya kutyuni. Mweleze mwuzaji kwa heshima kwamba unataka kujaribu matatu na huenda usinunue leo, mwuzaji mzuri hatakasirika.

Anza bila kuchomeka. Tyuni, E A D G B E kuanzia uzi mnene, alafu piga kila uzi kwenye kila freti kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, polepole, noti moja moja. Inachosha lakini ndo kipimo chenye ukweli kuliko vyote. Unasikiliza mambo mawili: mlio wa zzz wa uzi kugonga freti, na noti inayokufa ghafla wakati jirani zake zinaendelea kulia. Mlio mdogo sehemu nyingi ni setapu tu, inatibika. Noti mbili tatu zilizokufa sehemu moja wakati kwingine kote ni sawa, hapo kuna freti iliyonyanyuka, liache.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo juu na chini. Ncha za freti zikikukwaruza, jua ubao umekauka na kunywea au freti hazikumaliziwa vizuri. Fundi anaweza kusugua, ila gitaa jipya la daraja la kati halipaswi kukukata mkono.

Sasa shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja (mwombe mwuzaji akusaidie mkono), tazama pengo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Linatakiwa liwepo, dogo, kama unene wa kadi ya biashara. Likiwa kubwa sana au halipo kabisa ni kurekebisha chuma cha ndani ya shingo. Ila kama shingo imepinda kama feni, yaani upande wa uzi mnene na wa mwembamba haviendi sawa ukiitazama kutoka kwenye kichwa, rudisha gitaa ukutani, hilo halina dawa rahisi.

Nati nayo: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu na uangalie juu ya freti ya kwanza, pengo liwe jembamba kama karatasi. Nati ikiwa juu, kordi za mwanzo, zile za F hasa, zinakuwa adhabu na zinatoka juu ya tyuni, na wanaoanza wengi wanalaumu vidole vyao bure. Alafu pima urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12, milimita 1.5 mpaka 2 ni pazuri kwa mtu wa kawaida. Kwenye hiyohiyo freti ya 12 piga sauti ya kengele kwa kugusa tu, kisha bonyeza noti kamili, tyuna inatakiwa ionyeshe kitu kilekile, zikitofautiana ni marekebisho ya briji, kazi ya dakika chache kwa fundi.

Huko freti za karibu na bodi vuta uzi mwembamba mpaka sauti ipande kama freti mbili, uhakikishe noti haikatiki. Rudi kwenye tyuna. Bado uko sawa?

Hapo ndo uchomeke. Tumia ampu inayofanana na utakayonunua, sauti safi kwanza, maana mkwaruzo unaficha madhambi yote. Zungusha kila kitasa, sikiliza kama kinakwaruza, pita kila nafasi ya swichi, tikisa jeki kidogo uone kama sauti inakatika. Kisha kaa, piga dakika ishirini kile unachokijua, hata kama ni kordi tatu tu. Usione haya mbele ya watu, dukani kila mtu anafikiria gitaa lake. Na kama hujui kupiga kabisa, nenda na rafiki anayejua, yeye apige wewe usikilize umesimama mbele ya spika, alafu wewe ushike ili mwili wako useme kuhusu uzito na shingo, hilo rafiki hawezi kukujibia.

Usinunue siku hiyo. Rekodi kwa simu, nenda nyumbani, lala. Gitaa ambalo asubuhi ukiwa kazini bado unalifikiria shingo yake, hilo ndo lako, na ukirudi chukua lilelile ulilolishika, usikubali la stoo la aina hiyohiyo bila kulijaribu upya, maana yanatofautiana.

Ukinunua mtandaoni, soma masharti ya kurudisha kabla hujalipa. Boksi likifika liache masaa kadhaa lizoee joto la chumba, rekodi video ukilifungua, tunza boksi, na fanya vipimo vyote hivyo hapo juu siku ya kwanza au ya pili, usisubiri wikiendi ya tatu wakati muda wa kurudisha umeisha.

Hatua ya saba: setapu, alafu wiki za kwanza

Hata gitaa jipya kabisa lipeleke kwa fundi. Kiwandani limepimwa kwa haraka, limesafiri, mbao zimetembea. Mwambie unapiga nini na unatumia nyuzi gani, unene wake unahesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi, kuanzia uzi mwembamba mpaka mnene: 9 mpaka 42 ni laini kwa vidole vya mtu anayepiga dakika chache kwa siku, 10 mpaka 46 ni za kawaida zenye mwili zaidi. Ukibadilisha unene baadaye setapu inabidi iguswe tena. Kama unataka kujifunza mwenyewe ni vizuri sana, ila chuma cha shingo zungusha robo tu kwa wakati mmoja, subiri, tazama, na kikikataa usilazimishe.

Nyuzi mpya zinavutika, kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo tyuni itakukimbia, zivute taratibu kwa mkono, tyuni tena, rudia. Uzi ukitoa mlio wa tik kwenye nati unapotyuni, sugua ncha ya penseli kwenye mfereji wake, unga ule unalainisha. Ukimaliza kupiga pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, na chumba kisiwe kikavu sana wala chenye maji, unyevu wa asilimia 45 mpaka 55 ndo unaopendwa na mbao.

Vidole vitauma, kwa wengi wiki mbili mpaka nne kabla ngozi haijakomaa. Usipige mpaka vitoke malengelenge alafu upumzike siku sita, piga dakika 15 kila siku. Kifundo cha mkono kikiuma, hapo simama kabisa, hiyo ni tofauti na ngozi. Mara nyingi gitaa limekaa chini mno, vaa mkanda hata ukiwa umekaa, ufupishe mpaka shingo ipande juu kidogo na kifundo kinyooke.

Na pale kwenye kona yako panga kila kitu kiwe kimeshachomekwa: gitaa kwenye stendi mbali na jua la dirisha, waya umelala kwenye ampu, hedifoni zimening'inia, piki iko mezani. Mimi nahesabu hatua kati ya kiti changu na noti ya kwanza, zikizidi tatu naondoa moja. Baada ya miezi miwili au mitatu, au msimu ukibadilika na hali ya hewa ikawa nyingine, rudia kile kipimo cha kadi kwenye freti ya saba, badilisha nyuzi, na kama pengo limesogea mrudishie fundi yuleyule aliyeliona gitaa likiwa jipya.